Bakteria Walao Mafuta na Historia ya Ziwa Tanganyika

Vitabu vingi tulivyosomea vinaanza habari za Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858, Burton na Speke walipofika Ujiji wakiongozwa na watu waliolijua ziwa hilo tangu utoto wao. Kisha anakuja Livingstone, wanakuja Wajerumani na Wabelgiji, inashushwa majini meli ya Graf von Götzen ambayo leo tunaiita Liemba, na sura inafungwa. Katika insha hii nimefuata uzi mwingine wa historia ya ziwa hilohilo. Nitazungumzia mafuta ghafi yanayochuruzika kutoka chini yake, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wanaoyala, na jinsi wanadamu walivyokuja kuwajua viumbe hao wakaanza kuwategemea, pengine kupita kiasi.

Niseme kwa nini nimelichagua jambo hili. Nimekulia Gasorwe, mkoani Muyinga, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 2002 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Kongo. Kutoka Gasorwe ziwa halionekani. Kati yetu na maji iko milima yote ya Burundi. Lakini wazee wetu wengi walitoka Uvira na Fizi, na ziwa wanalitaja kama ndugu aliyebaki nyumbani. Sisi watoto tulilijua kwa ndagala waliokauka, waliofika sokoni katika magunia. Kitu kingine tulichokijua ni malori ya mafuta yanayoingia kupitia Kobero, mpakani na Tanzania. Miaka hii ya karibuni, yanapokosa kuja, au yanapokuja machache, Muyinga na Gitega zote hubadilika: foleni za magari hulala kwenye vituo, taksi-moto hupandisha nauli, mashine ya kusaga inanyamaza, na esansi inauzwa kwenye chupa kwa bei ya kunong'onezana. Siku kama hizo ndipo husikia watu wakisema kwamba mafuta yapo, yamelala chini ya Tanganyika, na kwamba tunakufa kiu tukiwa tumekaa juu ya kisima.

Mwenzangu mmoja darasani alilitetea wazo hilo vizuri. Alipoulizwa itakuwaje mafuta yakimwagika, alijibu bila kusita: wako bakteria wanaokula mafuta, sayansi imeshalimaliza jambo hilo. Darasa likaridhika. Mimi sikuridhika, nikaenda kutafuta bakteria hao wametoka wapi katika historia, na wamekwisha kufanya nini hasa.

Tuanze na mafuta yenyewe. Mafuta ghafi ni mabaki ya viumbe, hasa mwani mdogo wa majini, waliozikwa katika tope kwa mamilioni ya miaka na kupikwa na joto la ardhi. Kwa kuwa yametokana na uhai, si ajabu kwamba uhai unaweza kuyarudia na kuyala. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Mholanzi N. L. Söhngen alionyesha kuwa wako bakteria wanaoweza kuishi kwa kula gesi ya methani, na baadaye akaonyesha wengine wanaokula mafuta ya petroli na parafini. Mwaka 1946, Claude ZoBell wa taasisi ya Scripps huko California alikusanya yote yaliyojulikana hadi wakati wake katika makala moja ndefu. Utafiti wake ulipata fedha kutoka kwa wenye makampuni ya mafuta, na sababu yao ilikuwa ya kibiashara: walitaka kujua kama bakteria huchangia kuyaumba mafuta chini ya ardhi, na kama wanayaharibu yakiwa katika matangi. Usafi wa bahari haukuwa hoja bado.

Ukifikiri kidogo utaona kwamba walaji hawa walikuwa lazima wawepo. Mafuta hayakusubiri binadamu ndipo yaanze kuvuja. Makadirio yaliyotolewa Marekani mwaka 2003 yanasema takriban tani 600,000 hutoka zenyewe chini ya bahari za dunia kila mwaka, kupitia nyufa za miamba. Ukizidisha kiasi hicho kwa mamilioni ya miaka, bahari zote zingekuwa zimefunikwa na lami. Hazikufunikwa, kwa hiyo kuna anayekula.

Aliye maarufu zaidi kati yao ana jina refu, Alcanivorax borkumensis. Sehemu ya kwanza ya jina ina maana ya mlaji wa alkani, yaani aina ile ya haidrokaboni ambayo ni minyororo minyoofu ya kaboni. Sehemu ya pili ni Borkum, kisiwa cha Ujerumani katika Bahari ya Kaskazini, kwa kuwa alipatikana katika bahari hiyo. Walimpa jina hilo rasmi mwaka 1998, na mwaka 2006 vinasaba vyake vyote vikawa vimesomwa. Tabia yake ni ya ajabu. Sukari, ambayo bakteria wengi huikimbilia, yeye haimpendezi. Chakula chake ni mafuta. Katika bahari safi ni wachache mno, hata kuwapata ni shida. Mafuta yakimwagika huzaana upesi hadi wakawa ndio wengi kuliko jamii zote za bakteria mahali pale. Hujitengenezea kitu mfano wa sabuni, kinachoyavunja mafuta kuwa matone madogo ili wayashike vizuri. Kisha vimeng'enya vyao huchukua oksijeni na kuipachika kwenye mwisho wa mnyororo wa kaboni. Hapo alkani inageuka kuwa alkoholi, halafu asidi ya mafuta, na kutoka hapo inaliwa kama chakula kingine chochote, hadi inabaki kaboni dioksidi na maji.

Naomba msomaji ashike neno moja katika maelezo hayo, oksijeni. Aongeze na la pili, mbolea. Mafuta yana kaboni tele lakini karibu hayana naitrojeni wala fosforasi, na bakteria hawezi kujijenga kwa kaboni peke yake, kama vile mtu hawezi kulea watoto kwa ugali mtupu. Vitu hivyo viwili lazima avipate katika maji yanayomzunguka. Maneno hayo mawili ndiyo yatakayoamua mjadala tutakaporudi ziwani.

Dunia ilianza kuwahitaji walaji hawa kwa haraka tarehe 18 Machi 1967. Siku hiyo meli ya Torrey Canyon, iliyobeba mafuta ghafi tani 119,000 hivi, iligonga miamba karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza. Hakuna serikali iliyokuwa na mpango wa ajali kubwa namna ile. Waingereza walijaribu kuyachoma mafuta kwa kuipiga meli mabomu kutoka angani. Kwenye fukwe zao walimwaga sabuni kali za viwandani, takriban tani 10,000. Ufukwe ulionekana safi. Baadaye wanasayansi wa bahari waligundua kwamba sabuni zile za wakati ule zilikuwa na sumu kuliko mafuta yenyewe: ziliua konokono wa miambani wanaokula mwani, na miamba ile ikaota majani ya bahari kama shamba lililoachwa. Mahali pengine hali ilichukua zaidi ya miaka kumi kurudi kama zamani, wakati miamba iliyopata mafuta bila sabuni ilirudi mapema zaidi. Kwa maoni yangu hapa ndipo historia ya bakteria walao mafuta ilipogeuka. Watu walianza kuuliza kama haikuwa bora kumwachia kazi yule aliyekuwa akiifanya tangu zamani.

Swali hilo liliwafikia wengi, na mmoja wao alikuwa Ananda Mohan Chakrabarty. Alizaliwa mwaka 1938 katika mji mdogo wa Sainthia, Bengal, akasomea Calcutta, kisha akaajiriwa na kampuni ya General Electric, Marekani. Bakteria wa jamii ya Pseudomonas hubeba uwezo wa kula aina mbalimbali za haidrokaboni katika vipande vidogo vya vinasaba viitwavyo plasmidi, na kwa kawaida bakteria mmoja hana vyote. Chakrabarty alifanikiwa kuviweka vinne ndani ya bakteria mmoja. Mwaka 1972 aliomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo. Ofisi ya hataza ikamkatalia kumiliki bakteria mwenyewe, kwa hoja kwamba kiumbe hai hakimilikiwi. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 16 Juni 1980 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba kiumbe hai aliyetengenezwa na mtu anaweza kuwa na hataza.

Kila mwanafunzi wa sheria anaijua kesi hiyo, kwa sababu viwanda vingi vya dawa na mbegu vya leo vimesimama juu yake. Kisichosemwa sana ni kwamba bakteria yule wa Chakrabarty hakuwahi kutumwa kusafisha mafuta yaliyomwagika baharini. Walioogopa kuachilia kiumbe kipya duniani walikuwa wengi, na ilishaanza kuonekana kwamba tatizo la baharini halikuwa upungufu wa walaji. Mtoto wa Sainthia alibadilisha sheria za dunia kuhusu uhai kwa bakteria ambaye hakupata kuionja bahari. Mimi naona hilo ni jambo la kuchekesha kidogo, ingawa wakulima wanaolipia mbegu zenye hataza huenda wasicheke.

Ushahidi kwamba walaji hawakosekani ulipatikana Alaska. Meli ya Exxon Valdez ilipasuka huko tarehe 24 Machi 1989 na kumwaga takriban tani 37,000. Safari hii wasafishaji hawakuleta bakteria kutoka maabara. Walinyunyizia mbolea kwenye fukwe ili wale wa pale pale wapate naitrojeni na fosforasi. Mafuta ya juu ya changarawe yalipungua kwa kasi zaidi kuliko pale pasiponyunyiziwa. Lakini yale yaliyozama chini ya mawe, kusikofika hewa, yalikuwepo bado zaidi ya muongo mmoja baadaye, ukichimba kidogo unayaona.

Halafu ikaja Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko, tarehe 20 Aprili 2010. Wafanyakazi 11 walikufa, na mafuta yalitoka kwenye kisima kilichokuwa na maji ya mita 1,500 juu yake, kwa siku 87. Sehemu ya mafuta hayo haikupanda juu. Ilitanda kama wingu kwenye kina cha mita 1,100 hivi. Watafiti walioshusha vyombo huko walikuta bakteria wameongezeka ndani ya wingu hilo na wanakula, ingawa maji yalikuwa na baridi ya nyuzi 5 tu. Habari hizo zilienea duniani kote, na nadhani ndizo zilizomfikia mwenzangu wa darasani. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba Ghuba ya Meksiko ina michuruziko mingi ya asili, kwa hiyo bakteria wa pale wamezoea chakula hicho tangu zamani. Kuna jambo jingine lililowasaidia ambalo magazeti hayakulikazia: maji ya kina cha Ghuba yana oksijeni.

Kwetu Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka Mombasa, na tani zipatazo 5,000 zikaingia katika mkono wa bahari wa Makupa. Mikoko ya eneo hilo ilikufa. Aliyewahi kukanyaga tope la mikoko anajua linavyonuka mayai yaliyooza. Harufu hiyo ni dalili kwamba chini ya juu kidogo tu hakuna oksijeni. Mafuta yaliyopenya kwenye tope la namna hiyo huwa kama yamewekwa ghalani. Bahari ya Mombasa ni ya joto, ina chumvi, na bakteria wa kula mafuta hawakosi humo, lakini tope liliwafungia mlango.

Sasa tuje kwenye Bonde la Ufa. Kaskazini yetu, kando ya Ziwa Albert, wenyeji walijua tangu zamani kwamba ardhi hutoa mafuta. Kijiji cha Kibiro, ambako wanawake wameendesha kazi ya chumvi kwenye chemchemi za maji moto kwa karne nyingi, kina mahali ambapo mafuta huonekana juu ya ardhi. Mwingereza E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, aliandika habari za michuruziko hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1925. Kisima cha kwanza kilichimbwa Butiaba mwaka 1938, kisha vita na mambo mengine vikaingilia, na mafuta ya kutosha biashara hayakupatikana hadi mwaka 2006. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limepangwa kupashwa joto njia nzima.

Kuna jambo moja la bakteria hapa ambalo wasomaji wa historia ya uchumi watalipenda. Walaji hawa wamo hata ndani ya miamba yenye mafuta, ikiwa joto la mwamba halizidi nyuzi 80 hivi. Humo hula polepole, kwa mamilioni ya miaka, na huanza na sehemu nyepesi na tamu, yaani ile ambayo kampuni nayo inaitaka. Kinachobaki ni kizito kama lami. Mchanga wa lami wa Alberta, Kanada, unaogharimu fedha na nishati nyingi kuusafisha, ni mabaki ya karamu hiyo. Kwa hiyo bakteria huyuhuyu ambaye mwanamazingira anamwita msafishaji, mhasibu wa kampuni ya mafuta angemwita mwizi aliyetangulia.

Tanganyika nayo ilipimwa. Katika miaka ya 1983 na 1984 mradi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ukiongozwa na Bruce Rosendahl, ulizunguka ziwa kwa meli ya utafiti iliyoitwa Nyanja, ukipiga mshindo wa hewa iliyobanwa na kusikiliza mwangwi wake kutoka chini. Picha zilizopatikana zilionyesha matope na miamba ya mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa, mahali pafaapo kuumbika mafuta. Muda mfupi baadaye, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Bagaza, kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili katika bonde la Rusizi, kimoja Buringa na kingine Rushara. Mafuta ya kufaa biashara hayakupatikana, na kampuni ikaondoka. Mwaka 1987 watafiti waliofanya kazi na Mfaransa Jean-Jacques Tiercelin walipata chemchemi za maji moto chini ya ziwa upande wa Kongo, katika Pemba na katika Rasi ya Banza kwenye ncha ya Ubwari. Maji hayo hutoka na alama za mafuta yaliyopikwa na joto la chini, na kando yake hutanda bakteria kama mkeka mweupe. Kusini zaidi, kwenye Rasi ya Kalamba, upande huohuo wa Kongo, mafuta huchuruzika kutoka chini ya ziwa.

Ubwari ni nyumbani kwa baadhi ya wazee wa Gasorwe. Nilipomweleza mmoja wao habari za chemchemi za Banza, hakushangaa hata kidogo. Alichouliza ni kama samaki wa hapo wanaliwa.

Kwa hiyo mwenzangu anaweza kusema: basi Tanganyika ni kama Ghuba ya Meksiko, ina michuruziko ya asili, na bakteria wake wamezoea. Hoja hiyo ina nguvu na inastahili kujibiwa kwa taratibu.

Kwanza, yule mlaji maarufu, Alcanivorax borkumensis, ni kiumbe wa baharini. Anahitaji chumvi. Maji ya Tanganyika ni ya kunywa, na hapo hawezi kustawi. Kazi ya kula mafuta katika maji baridi hufanywa na wengine, wa jamii kama Pseudomonas, Acinetobacter na Rhodococcus, ambao wamo pia katika udongo, hata chini ya mashine ya kusaga ambapo mazutu hudondoka kila siku. Wao ni walaji wazuri, lakini kwa wengi wao mafuta ni chakula kimoja kati ya vingi.

Pili ni oksijeni. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na maji yake ya juu hayachanganyiki na ya chini. Jua la tropiki hupasha tabaka la juu mwaka mzima, nalo hukaa juu ya lile lenye baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Upepo wa kiangazi unatikisa kidogo upande wa kusini, haufiki chini. Matokeo yake, upande wa kaskazini ukishuka mita 100 hivi, na kusini mita 200 hivi, oksijeni imekwisha. Karibu ujazo wote wa ziwa hauna oksijeni. Samaki wote wanaovuliwa, ndagala, mukeke na wenzao, wanaishi katika ngozi ile nyembamba ya juu. Mafuta yakitokea kwenye kisima kilicho mita 600 chini, yatapita au yatabaki katika maji ambayo mlaji wa kawaida hawezi kupumua. Ni kweli kwamba mwaka 1991 wanasayansi wa Kijerumani walitenga bakteria anayeweza kula alkani bila oksijeni, kwa kutumia salfeti badala yake, na tangu hapo wamepatikana wengine. Lakini kasi yao ni ndogo mno, na maji ya Tanganyika yana salfeti kidogo sana ukilinganisha na bahari.

Tatu ni ile mbolea. Tabaka la juu la ziwa ni maskini wa naitrojeni na fosforasi. Ndiyo sababu maji yake ni maangavu kiasi cha kumshangaza mgeni. Utajiri wote umezama chini pamoja na mizoga. Mtu atasema tunyunyizie mbolea kama Alaska. Alaska walinyunyizia changarawe ya ufukweni. Kunyunyizia mbolea katika ziwa la maji ya kunywa ni kuita mwani ufunike juu, na wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria wanaweza kutueleza maji ya kijani yanavyokuwa.

Jambo la nne, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kwamba ziwa halina mlango wa kutosha wa kutokea. Mto unaotoka ni mmoja, Lukuga, unaoelekea Kongo. Maji mengi huondoka kwa kuwa mvuke. Mafuta mepesi nayo huruka na hewa, lakini mazito hayaruki, yanabaki. Mombasa ilikuwa na bahari ya kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na bado mikoko ilikufa. Bujumbura inakunywa maji ya ziwa hili.

Michuruziko ya Kalamba na Banza haikanushi hayo. Pale mafuta hutoka kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, na jamii ya bakteria imejipanga kulingana na posho hiyo. Familia iliyozoea kulisha mgeni mmoja kila jioni haijajiandaa kwa kijiji kizima kinachoshuka usiku mmoja.

Sisemi haya kwa kudharau shida ya esansi. Nimeona mgonjwa akisubiri gari ambalo lilikuwepo ila halikuwa na mafuta, na sitaki kumhubiria mtu wa Muyinga kwamba avumilie kwa ajili ya samaki wa Rumonge. Ila hata kisima kingepatikana kesho, mafuta ghafi hayaingii kwenye pikipiki. Uganda ilipata yake mwaka 2006, na karibu miaka ishirini imepita ikijenga visima, bomba na kujadili kiwanda cha kusafisha, nayo ina uchumi mkubwa kuliko wetu. Malori ya Kobero yataendelea kuhitajika muda mrefu.

Nchi nne za ziwa zina mkataba kuhusu mambo haya. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Mkataba unazitaka nchi zijulishane kabla ya kufanya kazi inayoweza kuwadhuru wenzao. Burundi ina asilimia 8 tu ya uso wa ziwa, Kongo asilimia 45, Tanzania 41 na Zambia 6, lakini mafuta yakielea hayasomi ramani. Mwezi wa Julai 2022 serikali ya Kongo ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta nchini humo. Oktoba 2024 ikaufuta. Katika miaka hiyo miwili mabishano makubwa yalihusu misitu na mboji ya bonde la Kongo pamoja na sokwe wa Virunga, kwa haki kabisa. Ziwa lilitajwa kwa nadra.

Kabla ya mnada mwingine wowote kuna kazi ambayo haihitaji kisima wala mamilioni ya dola: kuchota maji ya Kalamba, ya Banza, ya Rumonge na ya bandari ya Bujumbura, juu na chini, kiangazi na masika, na kuorodhesha bakteria wanaoishi humo na kasi yao ya kula. Alaska na Ghuba ya Meksiko walianza kuhesabu baada ya ajali, na wakabishana kwa miaka kuhusu hali ilikuwaje kabla yake. Vyuo vya Bujumbura, Gitega, Uvira na Kigoma vina wanafunzi wa biolojia wanaotafuta mada ya tasnifu. Mashua zipo, na wavuvi wanaozijua rasi hizo kwa majina nao wapo; baadhi yao kwa sasa wanaishi Gasorwe.